Noeli Iliyokuta Mlango Umefungwa

Papa mpendwa,

Neno hilo la pili nimeliandika kwa sababu wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba barua ya mtu mwenye adabu huanza hivyo. Usilitafute tena huko chini, maana sina uhakika kama utalikuta.

Mzee wa kanisa lako alifika na meli kutoka Isangi juma lililopita. Alitukuta uani, mama akiparua samaki, mimi nikiwa na cherehani yangu mlangoni. Kwanza alikataa kiti, kisha akakubali, kisha akatoa ujumbe wako kwa sauti ya kutangaza. Kwamba sasa wewe ni mchungaji kamili. Kwamba misheni imekupa nyumba ya matofali. Kwamba mke wa mchungaji ana benchi lake la mbele, benchi liko tupu, na watu wameanza kuuliza. Kwamba utapanda meli Noeli hii kuja kumchukua mama. Mama hakusimamisha kisu. Alijibu kwa maneno machache, nami nitakupa maneno hayo mwishoni, kwa sababu nataka kwanza usome haya mengine. Ulituzoesha kukaa mpaka mwisho wa mahubiri, mtu akitoka katikati unamfuata kwa macho mpaka nje. Leo kaa wewe.

Barua hii sitaifunga kwa gundi. Mzee wako akitaka kuisoma njiani, aisome. Wakiisoma kwenye benchi la mbele, vizuri zaidi. Kwa hiyo nitaeleza hata yale unayoyajua.

Nakumbuka ulivyonibeba mabegani kuvuka mawe ya maporomoko, maji yakinguruma kushoto na kulia, nawe ukiimba kwa sauti ya chini ili nisiogope. Niliihisi ile sauti mapajani kabla ya kuisikia masikioni. Nakumbuka ulivyonifundisha a, e, i kwa mkaa juu ya jiwe la bapa nyuma ya kanisa, watu wakikucheka kwamba unaharibu mkaa kwa mtoto wa kike. Uliwajibu, "Mukaa iko ya miye, mutoto iko wa miye, nyie munalia nini?" Ulikuwa mwalimu wa kanisa dogo la udongo, kengele yake ni kipande cha reli kutoka Lubunga kilichoning'inizwa mtini, na ulikipiga mwenyewe kila Jumapili kana kwamba mji mzima wa Kisangani unakungoja wewe uamke. Niliona fahari. Siku hizo hakukuwa na mtu mkubwa kuliko baba yangu.

Na kulikuwa na Tonton Lifoko, ndugu yake mama, aliyemfuata kuzaliwa. Mvuvi, mwembamba, mtu wa mizaha. Wasiotujua wanadhani sisi Wagenya, watu wa maporomoko, huvua kila mtu anapojisikia. Sivyo. Ile miti mikubwa iliyosimikwa kati ya mawe ni mali ya nyumba kadhaa kwa pamoja, na kila nyumba ina siku yake ya kuinua mitego. Siku hizo za zamu waligawana mababu, kabla hatujasikia habari ya Jumapili. Nyumba ya kina mama ikaangukiwa na siku ambayo baadaye misheni ilikuja kutuambia ni ya Mungu. Wenye Jumanne wakawa Wakristo wazuri bila kutoka jasho. Wenye Alhamisi hivyo hivyo. Tonton Lifoko akawa mwenye dhambi kwa sababu ya kalenda. Akiacha Jumapili ameacha juma zima, na watu wake hawali sala.

Kwa miaka mingi ulifumba macho, na nyumba yetu ikala. Posho yako ya misheni ilitosha chumvi na sabuni. Jumatatu asubuhi tonton alileta samaki waliokwisha kaushwa kwa moshi, nawe ulikiombea baraka chakula kwa maneno marefu, kwa sababu waliovuliwa Jumapili, wakifika kwenye sahani, walikuwa wameshakuwa samaki wa Jumatatu. Mama alicheka kichinichini. Uliona anacheka, ukashindwa kumaliza sala, ukacheka nawe. Nilikupenda sana wakati huo, papa. Ulikuwa unajua kwamba watu lazima wale.

Halafu mzungu wa misheni akaleta wageni wake kutazama maporomoko. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, nawe ulikuwa mbele yao ukiwaonyesha mahali pa kukanyaga wasiteleze. Tonton alikuwa juu ya miti, mguu mmoja kwenye kamba, povu chini yake, akiinua kikapu. Wageni walipiga makofi. Mzungu alipiga picha. Na tonton, kwa ule mdomo wake usiojua kunyamaza, alipokuona alipaza sauti: "Bokilo! Asubui niliskia sauti yako mupaka huku. Leo uliimba muzuri." Mzungu akasikia kwamba mvuvi anakuita shemeji. Alishusha ile mashine ya picha, akakuuliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Huyu ni mtu wa kanisa lako?" Ulikuwa na majibu mengi ya kuchagua. Ulisema, "Alikuwa."

Jumapili iliyofuata ulilisoma jina lake mbele ya watu wote. Kutengwa: asiingie ndani, asishiriki meza ya Bwana, na akifa kanisa lisimzike. Hukumtazama mama uliposoma. Alikuwa kwenye benchi la pili.

Lakini kulikuwa na njia ya kurudi, na hiyo ulikuwa umeitunga wewe, haikutoka misheni. Asubuhi ya Noeli waliotengwa walisimama mlangoni, vichwa vimeinama, kila mmoja na chakula mkononi cha kuleta mezani. Kengele ikilia ulishuka kutoka mbele, ukamshika kila mmoja mkono, ukamwingiza mpaka benchi la kwanza, na baada ya ibada watu wote walikula chakula chake. Wanawake walilia kila mwaka, hata aliyerudishwa akiwa mlevi aliyejulikana kwamba atatengwa tena kabla ya Pasaka. Ilikuwa desturi nzuri. Sijaona kanisa lingine lenye kitu kama hicho.

Tonton aliitaka Noeli ile kuliko mtoto anavyotaka nguo mpya. Zamu yake ya Jumapili aliwaachia nyumba nyingine kwa msimu wote, jambo ambalo kwa mtu wa maporomoko ni sawa na kulala nje. Akawa anafuma mitego ya watu wengine apate cha kula. Na kila Jumapili alikaa nje ya kanisa, chini ya dirisha, akiimba kutoka huko. Mama alimpelekea maji. "Dada," alimwambia siku moja, "batu ya ndani banavuta wimbo sana. Waambie baharakishe, huku jua iko kali." Ulikuwa unasikia sauti yake kupitia dirishani, papa. Siku zingine niliona unapunguza yako ili isikike ya kwake. Ndiyo maana sijaweza kukuelewa mpaka leo.

Mwaka ule wa hamsini na tano Noeli iliangukia Jumapili. Sisi watoto tulifurahi, tukafikiri siku mbili za Mungu zikikutana kengele italia mara mbili. Ijumaa yake mjumbe wa misheni akafika na baiskeli. Jumapili hakutakuwa na ibada. Waumini wote wakusanyike Jumamosi mchana kwenye kanisa kubwa la misheni mjini, na hiyo ndiyo itakuwa Noeli na Jumapili kwa pamoja. Jumapili yenyewe kila mtu akae nyumbani na jamaa yake, kwa kuwa wazungu wa misheni nao wanataka kukaa na watoto wao waliokuja kutoka shule za mbali.

Mama alikuuliza ukiwa bado umeshika kofia.

"Mutu akiinua kikapu siku ya Mungu, munamutosha inje ya kanisa. Muzungu akitaka kukula kuku na batoto yake siku ya Mungu, ni Mungu njo anaambiwa arudie juma ingine?"

"Noeli iko siku ya famille," ulisema. "Hata kwabo Ulaya banafanyaka vile."

"Famille ya nani?"

"Na batu batachoka. Noeli, tena siku ya Mungu, ibada juu ya ibada."

"Batu ya hapa banachoka na ibada tangu lini? Weye njo ulitufundisha siku ya Mungu haina congé, haipumzikake."

"Bon, nifanye nini? Kanisa haiko ya miye."

"Ulimwambia ndugu yangu?"

"Nitapita."

Nitasema haki, kwa sababu ulinilea nisikatae haki hata ya mtu ninayemkasirikia. Neno la mzungu lenyewe halikuwa baya. Mama mwenye watoto wengi angefurahia Noeli moja ya kunyoosha miguu, na Mungu hapungukiwi na kitu mlango ukifungwa siku moja. Wako wanaosema kanisa lazima lifunguliwe Noeli ikiangukia Jumapili, wako wanaosema watu waachwe na jamaa zao, na mimi naweza kuwasikiliza wa pande zote mbili bila kuinua sauti. Lakini ungetufundisha hivyo tangu mwanzo. Ungesema tangu mwanzo kwamba siku ya Mungu inaweza kusogezwa mtu akiwa na sababu ya nyumbani kwake. Tonton Lifoko alikuwa na sababu ya nyumbani kwake kila juma. Kwake yeye Jumapili ilikuwa chuma, na mzungu alipoihitaji ikawa udongo wa mfinyanzi. Hilo ndilo linalonikaba, papa, wala si ibada.

Ulipita nyumba kwa nyumba kuwapa watu habari. Kwa tonton hukupita. Ningependa kuamini ulifanya kwa makusudi, kwa sababu mtu anaweza kugombana na makusudi. Nafikiri ulikuwa na haya tu, ukajiambia utapita baadaye, mpaka baadaye ikaisha.

Jumamosi tulikwenda misheni, tukaimba, tukarudi. Jumapili asubuhi tulikuwa nyumbani, ubavuni mwa kanisa, wewe na kikombe chako cha chai. Nikamwona anakuja. Alikuwa amefua shati lake jeupe, na kwenye kikapu alikuwa na samaki mkubwa, wa kutosha kulisha harusi, aliyemvua Ijumaa kwenye zamu ya rafiki na kumkausha Jumamosi, asiwepo mtu wa kusema ni samaki wa Jumapili. Alikwenda mpaka mlangoni pa kanisa, akasimama pale wanaposimama waliotengwa, akainamisha kichwa, akangoja kengele. Alidhani amewahi kuliko watu wengine. Baada ya kitambo aliweka sikio kwenye mbao.

Mama akasema, "Enda."

Ulitoka bila kitabu. Nilikufuata mpaka kwenye kona ya nyumba, kwa hiyo usiniambie nimesimuliwa.

"Mulango imefungwa, bokilo. Ibada ilifanyika jana kule misheni. Leo kila mutu anakaa na famille yake. Urudie Pasaka."

"Jana?" Alikutazama kana kwamba umechanganyikiwa na yeye ndiye anapaswa kukusaidia. "Jana ilikuwa samedi."

"Njo vile balisema."

Tonton akafikiri. Halafu akatabasamu, lile tabasamu lake la kukaribia mzaha. "Siku ya famille. Bon. Si weye uko famille yangu? Fungua basi. Weye, na miye, na dada, na mutoto ule mwenye kujificha pale. Unishike mukono tu, uniingize, tutoke. Hata wimbo tutaacha."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwako. Niliona mkono wako unaingia, niliona vidole vinaufumba kupitia kitambaa cha suruali. Nilikuombea, papa. Kama kuna sala niliyowahi kuomba kwa moyo wote, ni hiyo, nyuma ya kona ya nyumba, juu ya mkono wako.

"Urudie Pasaka," ulisema tena.

Akaweka kikapu kwenye ngazi. "Mukule basi. Asioze. Ni ya vendredi, musiogope." Akaenda zake na shati lake jeupe. Mama alimpika yule samaki, akamweka mbele yako peke yako, akakaa akikutazama. Ulimla. Uliomba kwanza, ukamla.

Siku chache baadaye, kabla mwaka haujageuka, maji yalilegeza miti, na tonton, ambaye zamu yake bado ilikuwa mikononi mwa wengine, alipanda kuwasaidia kufunga upya. Kamba ilikatika. Wanaume wa mtumbwi waliukuta mwili wake chini ya maporomoko, mahali maji yanapotulia.

Mama alikuja kwako na vumbi la barabara mpaka magotini. Hakupiga kelele. Alikuomba wimbo mmoja na kengele, basi.

"Sheria haiko ya miye," ulisema.

"Na kengele? Mukono yako njo inaipigaka."

Tulimzika kwa desturi ya watu wa mto, na watu wa mto walimfanyia yote wanayojua. Mama alitaka na wimbo wa kanisa pia, akauanza mwenyewe. Ubeti wa pili ukampotea. Mimi nao ukanipotea. Wewe ndiye uliyekuwa ukituanzishia beti, hatukuwahi kuhitaji kuzikumbuka. Nilipoinua macho nilikuona mbali, njiani, kofia mkononi, umesimama. Kama ulidhani hakuna aliyekuona, ujue nilikuona. Ungeanza ule ubeti kutoka pale pale uliposimama, tungesikia. Sauti yako ilikuwa inafika maporomokoni.

Misheni ilisikia habari ikakusifu. Mwalimu asiyependelea hata shemeji yake. Wakakupeleka kusoma, wakakuwekea mikono, wakakupa Isangi. Siku ya meli mama alikufungia nguo zako vizuri, alikukunjia hata soksi, na hakupanda. Uliwaambia watu atakuja baadaye. Baadaye yako tunaijua.

Sasa nikuambie tunavyoishi, kwa kuwa mzee wako aliuliza na mama hakumjibu. Mimi nashona huku mtaani Mangobo, nguo za shule na za harusi. Mama alikwenda kwa wazee wa miti akaidai zamu ya ndugu yake. Mwanamke hakuwahi kudai kitu kama hicho, wakacheka, akakaa palepale mpaka kicheko kikaisha. Wakampa. Vijana wa ukoo ndio wanaopanda na kuinua, yeye anasimama kwenye mawe, anahesabia nyumba yake samaki wake, anawapanga. Kila Jumapili. Anaimba akiwa pale. Nilimuuliza kama amegombana na Mungu. Alisema, "Na Mungu sina maneno. Yeye hakuwa na ufunguo."

Mimi naingia kanisani mara mojamoja, huku Mangobo. Nakaa karibu na mlango. Ibada ikianza macho yangu huenda kwenye komeo, nakosa nusu ya mahubiri. Nina hasira nawe, papa, na hasira hiyo haijapoa kwa wewe kuitwa mchungaji, imepata joto. Nimekukumbuka pia, na hilo linaniongezea hasira. Nikiandika herufi ya a, hata hapa, nauona mkono wako na mkaa. Nimejaribu kuiandika kwa namna nyingine nikashindwa.

Basi, jibu la mama. Mzee wako alipomaliza habari ya benchi la mbele, mama alisema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye samaki, "Mwambie mulango imefungwa. Arudie Pasaka."

Mzee alifurahi. Hakuwepo Noeli ile, hajui. Aliniambia njiani nilipomsindikiza kwamba wanawake ndivyo walivyo, wanahitaji muda, na kwamba atakupelekea habari njema: mama anakungoja Pasaka. Atakuambia hivyo kwa uso wa furaha, na nakujua, utaamini kwa sababu inakufaa. Ndiyo maana nimechukua karatasi.

Usije Noeli. Na kabla hujakata tiketi ya Pasaka, kumbuka uliyotufundisha mwenyewe: Noeli huhama siku, mwaka huu hapa, mwaka ule pale, lakini Pasaka huangukia siku ya Mungu kila mwaka. Na siku ya Mungu mama yuko kwenye mawe, papa. Ni zamu ya ndugu yake.

Ubaki na afya huko Isangi, na sauti yako isikupotee.

Ni mimi, binti yako, mpwa wa Lifoko.